Upepo Haushuki

Mwalimu Kavulani aliteremka kutoka Chavakali
gari likimvutia kulia kama mbuzi aliyeona majani.
Alipofika Mamboleo ringi ya mbele ilikuwa jiko,
manyunyu yakiigusa yanalia chwee,
na harufu ya pedi zinazoungua
ikamtangulia kuingia gereji.

Nikapiga jeki. Nikalizungusha gurudumu kwa mikono.
Wapi.
Lilikuwa limeshikwa na breki
ambayo hakuna mguu ulioikanyaga.

Nikafungua. Pini zimekauka, grisi imekuwa lami,
mpira umepasuka, maji yamejipenyeza,
na pistoni imekwama nusu ya safari
kama neno kooni mwa mwenye deni.
Pedi ya ndani imekwisha, chuma kwa chuma.
Ya nje bado nene, haina habari.

"Isugue na msasa, uirudishe," akasema mwalimu,
"mshahara ni tarehe thelathini."
Ilikuwa tarehe kumi na tisa.
Nikamwonyesha mashimo ya kutu kwenye kuta za silinda.
Msasa hapo, nilimwambia,
ni kumpaka maiti mafuta.

Nikakimbia Kibuye kwa wauza vyuma,
nikapata kalipa la gari lililogongwa,
safi, pistoni inarudi kwa kidole gumba.
Elfu mbili na mia tano; nikalia, likashuka hadi elfu moja mia nane.
Bolti zikaingia bila ugomvi.
Sikuuliza lilitoka upande gani.

Basi tukaanza kutoa upepo.
Mwalimu kwenye usukani, mimi chini na spana namba kumi,
mpira wa plastiki ndani ya chupa ya soda.
Kanyaga. Kanyaga. Shikilia. Achia.
Kanyaga. Kanyaga. Shikilia.
Pedali laini kama uji wa wimbi.
Chupa mbili za mafuta ya breki zikaisha,
nikaanza kuisingizia masta silinda,
nikaisingizia hozi, nikamsingizia mwalimu
kwamba hajui kukanyaga.

Saa kumi na moja Fundi Akeyo akarudi kutoka Luanda,
amepakata giaboksi kwenye pikipiki kama mtoto mgonjwa.
Hakuuliza kitu. Akachuchumaa na buibui la grisi shavuni,
akaipapasa ile nipo kwa kidole kimoja.
Ilikuwa chini. Chini kabisa ya kalipa.

"Kidiavai, upepo hupanda au hushuka?"
"Hupanda."
"Na mlango wake umeuweka wapi?"

La kushoto, nimelifunga kulia.
"Umemfungia mtu darini," akasema,
"halafu unamngojea sebuleni."

Nikarudi Kibuye mbio, muuzaji anafunga mabati.
Kubadilisha ni mia tatu, alisema, na kunicheka ni bure.
Nilipofika mwalimu alikuwa ameketi juu ya tairi bovu
akisahihisha insha za darasa la saba kwa taa ya simu,
na wino mwekundu ulikuwa mwingi kuliko kawaida, nadhani.

Nipo juu. Kanyaga. Shikilia. Achia.
Povu likatoka, likatoka tena, kisha mafuta matupu.
Mara ya nne pedali ikasimama
na mguu wa mwalimu ukasimama nayo.
"Ehe," akasema. Basi.

Kwa Akeyo kuna sheria moja tu:
aliyefunga breki ndiye hushuka nazo.
Tukapanda hadi Kiboswa, tukageuza.
Mbele yetu trekta la miwa, halina taa hata moja,
mabua yanaburuta lami, na mteremko wote uko wazi
mpaka kwenye taa za Kisumu.
Mwalimu anaendesha polepole, ananiuliza nina miaka mingapi.
Kumi na tisa, nikasema.
Sikusema kwamba tangu tugeuze
mguu wangu wa kulia ulikuwa unakanyaga zulia,
unakanyaga, unashikilia,
upande ule usio na pedali.